Kuenenda kwa Roho, si kwa tamaa za mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka katika jumuiya yetu ya nyumba kwa nyumba hapa Muheza, miezi tuliyokuwa tukisoma barua ya mtume Paulo kwa Wagalatia, sura ya 5. Machache yaliulizwa mbele ya wote. Mengi niliulizwa njiani, watu wameshatawanyika, mtu akinisindikiza huku anaangalia chini, na hayo ya njiani ndiyo yaliyokuwa mazito. Mimi ni mzee wa kanisa na mkulima wa machungwa, sikusomea theolojia chuoni. Nimejibu kwa kadiri nilivyofundishwa, nilivyosoma, na nilivyojikwaa mwenyewe. Nukuu ni za Biblia ya Union Version, ile iliyozoeleka makanisani.

Paulo anaposema "mwili", ana maana ya mwili huu wa nyama na mifupa?

Hapana, na hapa ndipo wengi tunapopotea tangu mlangoni. Kigiriki alichoandikia Paulo kina maneno mawili ambayo Kiswahili chetu kimeyafanya moja. Kuna *sōma*, mwili kama kiungo cha maisha yetu, huu unaoogeshwa na kuvikwa. Na kuna *sarx*, neno ambalo asili yake ni nyama, lakini Paulo mara nyingi hulitumia kumwelezea binadamu anayejitegemea, anayejitafutia, aliyejigeuza kuwa mungu wake mwenyewe. (Si kila mahali katika Biblia lina maana hiyo. Katika Yohana 1:14, "Neno alifanyika mwili", ni *sarx* hiyohiyo na haina ubaya wowote.)

Sasa ona tofauti. 1 Wakorintho 6:19 inasema mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hapo ni *sōma*. Wagalatia 5:17 inasema mwili hutamani ukishindana na Roho; hapo ni *sarx*. Msomaji wa Kiswahili anakuta neno lilelile na kubaki anashangaa hekalu limekuwaje adui wa mwenye hekalu. Waliotafsiri Biblia Habari Njema waliliona tatizo hilo wakaandika "tamaa za kidunia". Imesaidia kidogo, ila nayo inamfanya mtu adhani adui yuko nje, kule mjini kwenye muziki, kumbe yuko ndani ya shati lake.

Mimi nikifundisha husema "umimi". Si neno zuri sana, lakini bibi wa miaka themanini alilielewa mara moja akacheka, akasema, "Basi huyo namjua, nimelala naye miaka yote."

Kwa hiyo kutamani chakula, usingizi au ndoa si dhambi?

Si dhambi. Mungu aliumba njaa kabla ya kuanguka kwa mwanadamu. Paulo alimwonya Timotheo dhidi ya walimu wanaokataza ndoa na vyakula (1 Timotheo 4:3). Tamaa inageuka ya mwili pale inapodai kutoshelezwa hata kama mwingine ataumia.

Wagalatia walikuwa na shida gani hasa hata wakaandikiwa barua kali hivyo?

Wengi wanadhani walikuwa walevi na waasherati. Soma barua tangu sura ya kwanza uone. Galatia ni eneo ambalo leo liko ndani ya Uturuki, na makanisa yale yalikuwa ya watu wa mataifa walioamini kwa mahubiri ya Paulo. Wakaja walimu wengine wakawaambia: imani ni nzuri, lakini bila kutahiriwa na kushika sheria ya Musa hamjakamilika. Kwa hiyo walioonywa habari za mwili walikuwa watu wa dini sana, wenye bidii ya kuongeza masharti.

Na bidii ile ilizaa nini? Sura ya 5 mstari wa 15 inajibu: "Lakini mkiumana na kulana, angalieni msije mkaangamizana." Ndipo mstari unaofuata unasema, "Enendeni kwa Roho, wala hamtazitimiza kamwe tamaa za mwili." Ukiusoma mstari wa 16 bila wa 15 unapata fundisho la usafi wa mtu binafsi chumbani kwake. Ukiisoma yote miwili unawaona watu waliokuwa wakitafunana.

Mbona kanisani kwetu "dhambi ya mwili" ni zinaa peke yake?

Hili niliulizwa na dada mmoja, na nilimwelewa kwa nini anauliza, kwa sababu nilikuwepo.

Chukua orodha ya Wagalatia 5:19-21, uhesabu kwa vidole: uasherati, uchafu, ufisadi, ibada ya sanamu, uchawi, uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi, husuda, ulevi, ulafi. Ni mambo 15. Uasherati umetajwa wa kwanza na hakuna anayeruhusiwa kuupunguza uzito. Lakini kuanzia uadui hadi husuda ni mambo 8, zaidi ya nusu, na yote ni ya watu kugombana, kuoneana kijicho na kugawanyika. Ile tunayoiita mtaani "roho ya kwa nini", ya mtu anayeumia kwa kuona jirani ameezeka bati, Paulo ameiweka kwenye karatasi moja na uchawi.

Niliyoyaona ni haya. Binti wa kwaya alipata mimba kabla ya ndoa. Alikuja mwenyewe, hakusubiri kuitwa. Sare yake alikuwa ameifua, ameipiga pasi, ameikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya mwenyekiti wa kwaya na kuondoka bila kusema neno. Jumapili iliyofuata likasomwa tangazo kwamba yuko chini ya nidhamu. Aliyelisoma ni mzee ambaye kwa miaka minne alikuwa hasalimiani na mzee mwenzake kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Wote wawili walikaa benchi la mbele. Wote wawili walishiriki meza ya Bwana siku hiyo. Binti alikaa nyuma karibu na mlango.

Nami nilikuwa kwenye baraza lililopitisha tangazo lile, na sikufungua mdomo. Wagalatia 6:1 inasema mtu akighafilika katika kosa lolote, ninyi mlio wa Roho mrejezeni upya kwa roho ya upole. Mrejezeni. Sisi tulijua kutenga. Kurejeza tulimwachia yeye mwenyewe, atafute njia.

Nidhamu ya kanisa ina nafasi yake. Ila kama inawaona wenye mimba na haiwaoni wasiosalimiana, basi hiyo orodha tumeisoma nusu.

Nimeokoka zaidi ya miaka kumi. Mbona tamaa zilezile bado ninazo? Je, sikuokoka sawasawa?

Nitakujibu kwa kitu ninachokishika kila siku. Mchungwa mzuri wa Muheza huwa haupandwi kwa mbegu tu. Unaotesha mlimao kwanza kwa sababu mizizi yake ni imara, kisha unaubebesha kikonyo, yaani kitawi kichanga, cha mchungwa. Vikishashikana unakata kichwa cha mlimao, na kuanzia hapo mti ule ni mchungwa. Matunda yake ni machungwa, na sokoni utauzwa kama mchungwa.

Lakini chini ya pale ulipobebesha, mlimao haujafa. Kila msimu utatoa machipukizi. Yana miiba, na yanakua kwa kasi kuliko chungwa lenyewe. Yakiwa machanga unayatoa kwa kidole gumba, unapita tu shambani asubuhi unayabonyeza yanadondoka. Ukiyaacha msimu mmoja utahitaji mkasi. Ukiyaacha miaka mitatu utahitaji panga na jasho, na mti utakuwa umeshaanza kufifia juu huku ukistawi chini. Nimeona mashamba ya watu waliohamia mjini, wakarudi wakakuta wanavuna malimao.

Hakuna mkulima anayeona chipukizi akasema, "Kumbe huu haukuwa mchungwa." Anainama analitoa. Paulo anasema vivyo hivyo katika Warumi 8:13, "mkiyafisha matendo ya mwili kwa Roho, mtaishi". Kuyafisha ni kazi ya kila siku, wala si tukio la siku ile ulipoitwa mbele madhabahuni. Na mtu aliyeandika, "lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo" (Warumi 7:19), hatuna sababu ya kudhani alikuwa mvivu wa maombi.

Linalonitia hofu mimi ni mtu anayesema hana chipukizi hata moja. Huyo hajapita shambani siku nyingi.

Mhubiri anatoa pepo, wagonjwa wanapona, lakini ana kiburi na anatukana watumishi wenzake. Anaongozwa na Roho?

Karama anaweza kuwa nazo. Wakorintho walizikosa? Paulo anawaambia hawakupungukiwa na karama yoyote (1 Wakorintho 1:7), na sura mbili mbele anawaambia ni watu wa tabia ya mwilini kwa sababu kwao kuna husuda na fitina (3:3). Yote mawili, kanisa moja, barua moja.

Karama hupewa mtu kwa siku moja. Tunda huota, na kuota kunachukua muda. Angalia pia kwamba Paulo ameandika "matendo" ya mwili kwa wingi, lakini "tunda" la Roho kwa umoja: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Ni tunda moja lenye ladha tisa. Huwezi kuchukua furaha ukaacha upole, kama mtu anayechagua nyanya kwenye fungu.

Ukitaka kumjua mhubiri, muulize dereva wake. Muulize binti wa kazi nyumbani kwake.

Nitajuaje kwamba ni Roho anasema nami na si tamaa yangu imevaa kanzu?

Swali zuri, maana "Roho ameniambia" imekuwa silaha. Kijana anamwendea msichana: "Roho amenionyesha wewe ndiye mke wangu." Binti anabaki na hofu kwamba akikataa anamkataa Mungu. Namwambia kila binti anayenijia na jambo hilo: Roho ana namba yako pia. Kama hajakwambia wewe, huna deni.

Mimi hujiuliza mambo kadhaa. Je, sauti hii inakubaliana na Maandiko, au inanipa ruhusa maalumu ambayo wengine hawana? Anayefaidika ni nani, na anayelipa ni nani? Je, naweza kulisema jambo hili mbele ya yule litakalomwumiza, au napanga kulifanya kimyakimya? Na je, naweza kusubiri? Tamaa ina haraka, inataka leo jioni. Wagalatia 5:13 inatupa kipimo kwa ufupi: "uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo."

Kufunga kunaua tamaa za mwili?

Kufunga kunakufundisha kwamba tumbo si bwana wako, na ni jambo jema. Lakini Wakolosai 2:23 inasema waziwazi kwamba kuutawala mwili kwa ukali hakufai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Mtu anaweza kufunga siku 40 akatoka na umimi ulionona, kwa sababu sasa anajua amefunga kuliko wenzake.

Nina hasira. Ni pepo? Nikiombewa itatoka?

Omba, na uombewe. Sidharau maombi hata kidogo. Lakini hasira na ulevi Paulo ameviweka katika *matendo* ya mwili, vitu ninavyovitenda mimi. Nikisema kila mara "ni pepo wa hasira", mke wangu anabaki na jicho lililovimba na mimi nabaki bila kosa. Kama umempiga mtu, anza kwa kusema "nimempiga", halafu tuombe. Na kama yeye hayuko salama nyumbani, akae kwanza mahali salama, kwa ndugu zake au kwa wazee; toba yako haihitaji awe karibu na mkono wako. Ulevi uliokomaa nao una upande wa tiba, kwenda hospitali si kukosa imani.

Kuna hasira isiyo dhambi, ya kuchukia uonevu. Hiyo nayo isipochungwa huchacha. Nakumbuka habari za Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walikimbia kwa miguu kupitia milima hadi Rwanda. Alikuwa na kila sababu ya kukasirika. Lakini alisimulia mwenyewe kwamba uchungu ulianza kumkausha, hata kuomba kukawa kugumu, mpaka Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa kanisani London, yaliposomwa maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe." Akamsamehe Amin, na akaendelea kuyasema maovu ya Amin hadharani. Wengi hudhani ukisamehe lazima unyamaze, yeye hakunyamaza.

Walokole wa zamani walizungumzia "kutembea nuruni". Ni nini?

Neno lenyewe "mlokole" limetoka Kiganda, *abalokole*, yaani waliookoka. Leo tunamwita hivyo mtu yeyote wa makanisa ya kipentekoste, lakini mwanzo wake ni Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka ndani ya makanisa ya kawaida kabisa. Septemba 1929, kilimani Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata moto ukaonekana Gahini, ukaenda Uganda na Burundi, ukafika Kenya na kwetu Tanganyika, kule Bukoba.

Alama yao, na ndiko kutembea nuruni, ilikuwa kuungama waziwazi na kurudisha. Mtu alirudisha alichoiba, alilipa deni alilolikana, alimwendea aliyemsengenya. Weusi walimwambia mmisionari mweupe habari za kiburi chake, na wamisionari wakatubu mbele yao, katika zama za ukoloni. Mimi nikitafuta mfano wa Wagalatia 5 katika nchi zetu siendi mbali zaidi ya hapo. Nao hawakuwa malaika: baadaye huko Uganda waligawanyika, kundi moja likajiita Abazukufu, waliozinduka, likiwaona wenzao wamelala. Faraka ilibisha hodi hata kwao.

Kwangu mimi, kutembea nuruni kuliniuma kwa jambo nililolifanya mwaka 2013. Nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Nilichukua shilingi 60,000 nikanunua dawa ya kunyunyizia machungwa, nikajiambia nitarudisha kabla ya kikao. Nikarudisha baada ya siku kumi na mbili. Hakuna aliyejua, daftari lilikuwa safi. Mwaka uliofuata tulimjadili mtu aliyekula fedha za kwaya, na nilikuwa naongea kwa ukali kuliko wote. Usiku sikulala.

Nilisema jumuiyani wiki ileile. Watu wakanyamaza. Kisha mama mmoja mjane akaniuliza kwa upole kabisa, "Katika siku hizo kumi na mbili, Mzee, angekufa mtu?" Sikuwa na jibu. Daftari nililikabidhi siku hiyohiyo, na wao ndio walionirudishia, miaka miwili baadaye.

Nikiungama mbele ya watu, si mambo yangu yatasambaa mpaka sokoni?

Yanaweza. Ndiyo maana hatumlazimishi mtu. Duara la ungamo lilingane na duara la kosa: ulilomkosea mkeo, mwambie mkeo, ulilokosea kikundi, sema kwenye kikundi. Mambo ya chumbani hayana sababu ya kusikilizwa na watoto wa kipaimara. Siri ya mtu mwingine usiiungame kwa niaba yake. Na jumuiya isiyoweza kufunga mdomo itubu hilo kwanza, kabla ya kudai ungamo la mtu.

Kutafuta fedha na maendeleo ni tamaa ya mwili?

Jenga nyumba, somesha watoto. Ukiona usingizi unakupotea kwa sababu shemeji kanunua gari, hapo simama.

Nikienda kuomba msamaha, yule mtu akakataa?

Warumi 12:18: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Kwa upande wenu. Upande wa pili hukupewa kuutawala, na kujaribu kuutawala, kumpigia simu mara kumi, kumtumia wazee kila wiki, kunaweza kuwa umimi uleule unaotaka kusikia "nimekusamehe" ili ulale vizuri.

Nina ndugu yangu wa tumbo moja, tuligombana juu ya shamba la marehemu baba. Kosa kubwa lilikuwa langu. Nilikwenda kwake, nikasema, nikarudisha miti iliyokuwa upande wake. Alinisikiliza akiwa amesimama, hakunikaribisha kiti. Huu ni mwaka wa tano. Kila msimu wa kuvuna nampelekea kapu la machungwa. Mkewe hulipokea mlangoni, na kapu hurudi tupu likiwa limeoshwa.